Mita Kumi na Mbili za Waheshimiwa

Nchi ilikuwa na watu milioni sabini na ushee, na kati ya wote hao ni mmoja tu aliyekumbuka kwamba uwanja wa taifa umepungua mita kumi na mbili. Hakuwa waziri, hakuwa mhandisi, wala hakuwa mjumbe wa kamati ya riadha. Alikuwa mtunza uwanja, mgane aliyeishia darasa la nne, ambaye kila mtu alimwita Chokaa kwa sababu nyusi zake hazikuwahi kuonekana na rangi nyingine. Kila wiki alisukuma kitoroli chake kuuzunguka uwanja akichora upya mistari ya wakimbiaji, na kila wiki akifika kwenye kona ya kaskazini aligeuza uso pembeni, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani aliyemkosea.

Siri hiyo alikuwa ameibeba miaka kumi na mmoja na haikumnyima usingizi. Ilianza kumchoma Jumanne moja asubuhi, pale binti yake alipoingia ndani anahema, viatu mkononi, akigonga mlango kwa kiwiko.

"Thelathini na moja na kumi!"

"Bei ya nini hiyo?" aliuliza Shangazi, bila kuinua macho kwenye sufuria. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Chokaa. Alikuja kwenye mazishi ya wifi yake miaka sita iliyopita, akasahau kuondoka.

"Dakika, Shangazi! Mita elfu kumi! Dakika thelathini na moja na sekunde kumi! Kwenye mashindano ya dunia wanataka mtu awe chini ya thelathini na mbili. Mimi nimeingia na chenji imebaki!"

Shangazi alipiga kigelegele mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Dari lenyewe lilikuwa ngazi za jukwaa la mashariki, upande wa chini. Walipewa vyumba viwili humo kwa ajili ya kazi ya Chokaa, na siku za mechi walikunywa chai wamefunika vikombe kwa viganja, maana kila goli lilileta mchanga.

Binti waliyemwita Panzi, kwa miguu yake iliyokuwa mirefu kuliko subira yake, alimkumbatia baba yake. Baba mtu alisimama kama nguzo.

"Baba, hufurahi?"

"Nafurahi," alisema Chokaa. "Nafurahi sana. Nani kashika saa?"

"Nimeshika mimi, Mzee," ilisikika sauti mlangoni.

Alikuwa Kocha, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mkavu, mwenye filimbi shingoni. Rekodi ya taifa ilikuwa yake: thelathini na moja na sekunde mbili. Lakini mjini hakuna aliyemwita mwenye rekodi. Miaka minane nyuma alipelekwa ng'ambo, akamaliza wa mwisho. Wenzake walikwisha kufika, wakavaa suruali zao, wakaanza kupiga picha, yeye bado amebakiza mzunguko mzima, peke yake, na watu wa huko wanampigia makofi ya huruma. Aliporudi, kamati ilimkalisha mbele ya waandishi wa habari aombe radhi kwa taifa. Akaomba. Wakaeleza kwamba alitetemeka, kwamba aliogopa ndege, kwamba wanawake wetu hawana roho ya ushindani. Tangu hapo watoto wa mtaani walimwita Bado Mmoja.

"Umepima vizuri?" Chokaa alimuuliza.

"Saa haidanganyi, Mzee."

Chokaa alitazama nyusi zake kwenye kipande cha kioo ukutani, akajifanya anazipangusa.

Saa nne akaja Katibu wa kamati mwenyewe. Mtu huyo hakuwahi kukanyaga chumba hicho tangu Chokaa alipohamia, na hata leo alisimama kizingitini akiogopa suti yake isiguse kitu.

"Binti, hongera! Umetuokoa!"

"Nimewaokoa na nini, mheshimiwa?"

"Sheria zao za ajabu hawa watu. Nchi isipokuwa na mwanariadha hata mmoja aliyefikia kiwango, basi ujumbe mzima haukaribishwi. Na sisi ujumbe wetu tumeshaukamilisha tangu mwaka jana. Watu thelathini na wanne."

"Wanariadha thelathini na wanne?" Shangazi alishangaa.

"Hapana, mama. Wajumbe. Kuna Mwenyekiti na mama yake wa nyumbani, kuna mimi, kuna wa itifaki, kuna washauri, kuna mkuu wa msafara na naibu wake, na naibu wa pili kama wa kwanza akiugua. Tulikuwa tumebakisha mwanariadha tu."

"Na kocha wangu?" Panzi aliuliza.

Katibu alimtazama Kocha kwa namna mtu anavyotazama kiti kilichovunjika. "Nafasi zimejaa, binti. Halafu huyu si ndiye yule…" Hakumalizia. Kocha aliinamia kamba za viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba. "Haya. Jumamosi ni majaribio rasmi, Mwenyekiti atakuwepo, redio itakuwepo. Wewe kimbia kama ulivyokimbia leo, nami nikuandike. Mzee, zulia la waheshimiwa lipigwe brashi."

"Litapigwa," alisema Chokaa.

"Na uvue viatu unapolipiga."

"Siku zote navua, mheshimiwa."

*

Mchana huo Chokaa alishindwa kula. Alilizungusha tonge mdomoni kama mtu anayetafuna uzi. Shangazi akamuuliza kama ana jino, akasema hana. Akamuuliza kama ana mwanamke, akasema bora hata jino.

"Panzi, mwanangu," alisema mwishowe. "Uwanja ule ni mfupi."

"Uwanja upi?"

"Huu tulio chini yake."

Akaeleza. Zamani mzunguko ulikuwa mita mia nne, kama wa dunia nzima. Kisha Katibu akaleta masofa manane ya ngozi, akasema waheshimiwa hawawezi kukaa kwenye saruji kama mashabiki. Banda lao la kona ya kaskazini likasogezwa mbele mita sita, likawekewa paa na zulia, likala njia ya wakimbiaji.

"Nikamuuliza, na mistari je? Akasema, sogeza. Nikamwambia, bosi, kona hii nikiisogeza ndani mita sita, upande wa kwenda unapungua sita na wa kurudi unapungua sita. Mzunguko unabaki mita mia tatu themanini na nane. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Mzee, nchi kubwa kama hii unaniletea habari za mita kumi na mbili?' Nikasogeza. Wiki ile mama yako ndiyo alianza kulala hospitali, na barua ya vyumba hivi ilikuwa mezani kwa Katibu haijasainiwa. Ningesema nini?"

Panzi hakuwa akisikiliza habari za barua. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Mizunguko ishirini na mitano, kila mmoja mita kumi na mbili. Mia tatu. Mita mia tatu kwa mwendo wake ni dakika nzima kasoro sekunde mbili.

"Thelathini na mbili na sekunde nane," alisema polepole. "Sijafuzu."

"Hujafuzu, mwanangu. Bado sekunde nane."

Halafu Panzi akasema jambo ambalo baba yake hakulitegemea kabisa.

"Basi usimwambie mtu."

"Nini?"

"Umenyamaza miaka kumi na mmoja, Baba, utashindwa kunyamaza miezi miwili? Mimi nataka kupanda ndege."

"Utakwenda kuaibika huko!"

"Nitaaibika nikiwa nimepanda ndege. Hapa nyumbani naaibika kwa miguu."

"Mtoto anasema kweli," Shangazi alidakia. "Si akimbie tu, awe wa mwisho, arudi na picha? Wewe unataka kutupeleka tukalale nje kwa sababu ya mita kumi na mbili. Hizo si ni kama kutoka hapa mpaka chooni!"

"Mara ishirini na tano," alisema Chokaa.

"Hata mimi siku nikiumwa tumbo nakwenda mara ishirini na tano."

Panzi alicheka, akachota mboga, akaipeleka mdomoni, kisha mkono ukasimama njiani. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Baba. Kocha anajua?"

Chokaa aliinamia sahani yake.

"Baba, Kocha aliomba radhi kwenye televisheni."

"Niliona."

"Uliona?"

"Nilikuwa nimeshika kiti chake. Walinituma nilete viti."

Panzi akarudisha mboga kwenye sahani. "Utamwambia wewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Kesho."

*

Kesho yake alfajiri walikuwa watatu kona ya kaskazini: Panzi kashika ncha moja ya kamba ya kupimia, Kocha kashika nyingine, na Chokaa katikati hana la kushika. Walipima sentimita ishirini nje ya mstari wa ndani, kama inavyotakiwa, wakihamisha kamba hatua kwa hatua, Kocha akiandika kila pimo kwenye kiganja kwa kalamu. Chokaa alikuwa ameshamwambia. Kocha alisema tu, "Tupime."

Ikatoka mia tatu themanini na nane na kidole kimoja.

Kocha alikaa chini kwenye nyasi. Akachora kwa kidole mchangani: thelathini na moja na mbili. Akaongeza dakika kasoro sekunde mbili. Thelathini na mbili kamili.

"Kule nilikimbia thelathini na mbili na nne," alisema.

Panzi akaanza kukunja kamba ya kupimia.

"Mzunguko wa tatu nilikanyagwa kisigino, kiatu kikataka kutoka. Nikasimama kukivuta." Alitazama tarakimu zake. "Sekunde nne. Kwa hiyo nilikimbia vile vile. Vile vile kabisa kama nyumbani."

"Ndiyo," alisema Chokaa.

"Mzee, miaka minane unanisalimia kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Unaniuliza habari za nyumbani."

"Ndiyo."

"Siku moja nilikuja kwako nikakwambia labda wanasema kweli, mimi mwoga, niache mchezo. Ukanipa chai."

Chokaa alivua kofia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutafuta la kumsingizia mkubwa yeyote. Katibu alikuwa na lake, Mwenyekiti alikuwa na lake, lakini chai ile aliichemsha mwenyewe.

Kocha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali, akacheka mpaka machozi yakamwingia masikioni, akapiga nyasi kwa kisigino. "Taifa zima!" alisema. "Nimeomba radhi kwa taifa zima kwa ajili ya masofa!" Kisha cheko likakatika kama redio iliyochomolewa. Akainuka, akajifuta kwa fulana.

"Jumamosi anakimbia mia nne," alisema. "Lete chokaa, Mzee."

"Njia ya zamani inapita ndani ya banda, Kocha. Juu ya zulia."

"Nimekuuliza inapita wapi?"

"Watanifukuza."

"Watakufukuza," alikubali Kocha. "Panzi, wewe unasemaje? Ukikosa sekunde hizo nane hupandi ndege wala ngalawa. Ukitaka mstari wa uongo, sema sasa, mimi nitakwenda nyumbani na hakuna atakayejua."

Panzi alitazama kona, akatazama tarakimu za mchangani. Alitoa tusi dogo ambalo baba yake hakujua kama analijua.

"Chora, Baba."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Chokaa alivua viatu, akalipiga zulia brashi kama alivyoagizwa, akasogeza masofa nyuma kiasi cha hatua moja, na kisha akapitisha kitoroli chake juu ya zulia jekundu, taratibu, bila kugeuza uso. Mstari mweupe uliingia bandani upande wa kushoto, ukapita miguuni mwa masofa yote manane kwa upinde mzuri, ukatokea upande wa kulia. Akaacha njia yenye upana wa mita moja tu. Hakuna mstari aliowahi kuuchora ukapendeza namna ile.

Katibu alifika saa tatu na nusu, akaona, akapoteza rangi.

"Mwendawazimu wewe! Hii nini?"

"Mstari, mheshimiwa."

"Naona ni mstari! Unafanya nini juu ya zulia?"

Chokaa alifungua mdomo, lakini magari yalikuwa yameshaingia. Mwenyekiti alishuka, tumbo likitangulia, akifuatwa na wajumbe, na mtangazaji wa redio ambaye kipaza sauti chake kilikuwa kimeshawashwa. Mwenyekiti akasimama mbele ya zulia. Akautazama mstari. Akamtazama Katibu.

"Katibu, hii ni nini?"

Katibu alikuwa na sekunde moja, na huwezi kufika ukatibu kama hujui kuitumia sekunde moja.

"Ni ubunifu, mheshimiwa Mwenyekiti! Mpango wa kamati wa kuwasogeza viongozi karibu na wanamichezo. Wakimbiaji watapita hapa hapa mbele yako, wakuone, wapate moyo."

"Hewani, wasikilizaji, hewani!" mtangazaji alifoka kwa furaha. "Viongozi wetu leo wapo ndani ya mbio zenyewe!"

Mwenyekiti akatabasamu, akakaa sofa ya katikati, akanyoosha miguu. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuufuta mstari ule bila kumfanya Katibu mwongo mbele ya taifa zima. Katibu akamkazia Chokaa macho yaliyosema, tutaonana.

Wasichana walikuwa wanne. Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza walipita bandani wamebanana, puh puh puh, upepo ukawapulizia waheshimiwa tai zao, nao wakapiga makofi na kuitana, "Umeona? Umeona?" Mzunguko wa pili Mwenyekiti alikunja miguu mwenyewe kwa adabu. Wa tano, meza za chai ikabidi ziondolewe. Wa saba, naibu wa pili wa mkuu wa msafara alisahau, akakanyagwa vidole na wasichana wote wanne kwa zamu.

"Wanapita tena?" Mwenyekiti alinong'ona kwenye mzunguko wa kumi.

"Bado kumi na tano, mheshimiwa."

"Kumi na tano! Nani kapanga wingi huu?"

"Ni wa dunia, mheshimiwa."

Kufikia wa kumi na nane Panzi alikuwa peke yake mbele. Wajumbe walikuwa wanalowa jasho. Kukunja miguu, kukunjua, kukunja: magoti yaliyozoea kupumzika yalianza kulia kama bawaba. Mshauri mmoja alisinzia, na kila Panzi alipokaribia ilibidi Kocha akimbie kutoka kati ya uwanja, amnyanyue mguu mshauri yule kama anayenyanyua kamba ya mbuzi, kisha aurudishe. Shangazi, aliyekaa jukwaani juu ya dari lake mwenyewe, alipiga kelele, "Kunja! Anakuja, kunja, baba!" na mashabiki wachache waliokuwepo wakaitikia. Mzunguko wa ishirini uwanja mzima ulikuwa unaimba "Kunja! Kunja!" na Mwenyekiti, asijue anachekwa, alipunga mkono.

Chokaa hakusikia chochote. Alisimama kwenye mstari wa kumalizia na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mizunguko mitano ya mwisho binti yake aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mama yake alivyokuwa akifanya alipobeba ndoo mbili. Mzunguko wa ishirini na tatu alikuwa nje ya muda kwa sekunde tatu. Wa ishirini na nne, mbili. Kocha alikuwa amemwacha mshauri na mguu wake, anakimbia sambamba na Panzi ndani ya nyasi, na alichokuwa akimwambia si maneno ya kuandikwa.

Mara ya mwisho Panzi aliingia bandani akakuta miguu ya mshauri imetanda njiani. Akairuka. Hapo ndipo jina lake lilipomfaa.

Thelathini na moja, sekunde hamsini na sita.

Alianguka miguuni mwa baba yake. Chokaa alipiga magoti, akamshika kichwa, na nyusi zake zikamwachia binti chokaa usoni.

"Nne," alimwambia. "Chenji ni nne, mwanangu. Lakini ni zako."

Katibu alifika akiwa na karatasi mkononi, uso umekunjamana. "Hamsini na sita? Jumanne ulikimbia na kumi! Binti, umeshuka sekunde arobaini na sita kwa siku nne! Utatutia aibu huko!" Kisha akaitazama tena karatasi, akaona kwamba hata hivyo bado ni chini ya thelathini na mbili, na kwamba watu thelathini na wanne watasafiri. Akapumua. "Haya. Jitahidi kurudi kwenye kiwango chako."

Mtangazaji alimsogezea Chokaa kipaza sauti. "Na wewe, Mzee, ndiye uliyechora mstari huu wa kihistoria?"

"Ndiyo. Nilitaka wasikilizaji wajue kwamba uwanja huu, tangu masofa…"

"Tunamshukuru mzee wetu," alisema Katibu, akikichukua kipaza sauti kwa upole kama anayemnyang'anya mtoto kisu, "kwa kutekeleza maelekezo ya kamati."

*

Barua ilikuja Jumatatu. Ilikuwa na mistari mitatu. Kosa lilikuwa kuchafua zulia la serikali kwa chokaa. Vyumba viachwe ndani ya siku saba.

"Siendi," alisema Panzi. "Wakimbie wenyewe, si wako thelathini na wanne."

"Utakwenda."

"Wamekufukuza kwa ajili yangu!"

"Wamenifukuza kwa ajili ya zulia. Barua si hii, huisomi? Mimi darasa la nne nimeisoma." Chokaa alikuwa akifunga sufuria kwa kamba. "Ukibaki, nitakuwa nimefukuzwa bure. Shika huku."

Walihamia chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Kutwa walisikia msumeno, na Shangazi akasema angalau sasa kinachodondoka kwenye chai ni vumbi la mbao, linanukia. Chokaa alipata kibarua cha kupaka rangi kuta za watu. Mistari aliyochora hapo alilipwa kwa siku, na hakuna ukuta ulioombwa usogee.

Siku ya mbio Kocha alikuja na redio yake chini ya kwapa. Hakuandikwa kwenye ujumbe. Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, saa mkononi, ingawa hakuwa na wa kumpima.

Mtangazaji alianza kwa huzuni ya kawaida. Alisema mwenzetu ni msichana mdogo, hana uzoefu, tusimtegemee mengi. Mzunguko wa kumi alisema bado yupo na kundi. Mzunguko wa kumi na tano alisema bado yupo, lakini tusubiri. Wa ishirini akaacha kusema tusubiri. Shangazi alikuwa ameshika mkono wa redio kana kwamba yeye ndiye anayeisukuma.

"Wanaoongoza wanaingia mzunguko wa mwisho… na wetu… wetu yuko nyuma yao kwa nusu mzunguko. Hajazungukwa, wasikilizaji! Hajazungukwa! Anakimbia pamoja na wenzake!"

Kocha aliweka kiganja mdomoni.

Alimaliza wa kumi na nne kati ya ishirini na wawili. Thelathini na moja na arobaini na tisa. Mtangazaji alitafuta karatasi zake kwa muda mrefu, sauti za makaratasi zikasikika, kisha akasema kitu ambacho ni watu watatu tu nchini, kwenye chumba kile chenye vumbi la mbao, waliokielewa: kwamba hii ni ajabu, kwamba kwa kumbukumbu alizo nazo hakuna mwanariadha wetu aliyewahi kukimbia ng'ambo kwa kasi ileile anayokimbia nyumbani, seuze zaidi, na wataalamu wanapaswa kuchunguza ni nini kilichomtokea.

Nusu saa baadaye simu ya Kocha ililia. Panzi alikuwa ameazima simu kwa msichana aliyemaliza wa saba.

"Kocha! Walikuwepo nyuma yangu! Nilipofika nikageuka, nikawaona watu wanakuja! Wanane!"

"Nimesikia, mwanangu."

"Nikasimama kuwapigia makofi. Halafu nikakukumbuka wewe, nikaacha. Nikawasubiri tu, nikawashika mikono."

Kocha akampa Chokaa simu haraka, na Chokaa naye akampa Shangazi, ambaye alimuuliza mtoto kama anakula vizuri na kama chakula cha kwenye ndege walimpa kingi.

Kisha redioni akaja Katibu, moja kwa moja kutoka ng'ambo, sauti imeshiba. Alisema mafanikio haya si ya bahati. Alisema kamati imefanya tathmini pale pale hotelini, ikabaini kwamba siri ni viongozi kukaa karibu na wakimbiaji siku ya majaribio. Kwa hiyo, wakirudi tu, mstari utarudishwa mahali pake, na banda la waheshimiwa litasogezwa mbele mita nyingine kumi, na masofa yataongezwa yawe ishirini.

Nje msumeno ulisimama, seremala naye alikuwa anasikiliza.

"Kumi kwenda," alisema Chokaa, "kumi kurudi."

Kocha alichukua kipande cha mbao na penseli ya seremala. Akaandika, akafuta, akaandika. Midomo ilianza kumcheza.

"Ikoje?" aliuliza Shangazi.

"Mwakani," alisema Kocha, akijaribu kushikilia uso wake usipasuke, "hata wewe, Shangazi, ukivua kanga ukajitahidi kidogo, unaingia kwenye timu ya taifa."

"Mimi?" Shangazi alijitazama miguu, mmoja mmoja, kwa makini. "Basi waambieni mapema. Mimi ndege nakaa dirishani."